Namba Ndogo za Chini: Risala ya Wavuna Kombe wa Neulpo kwa Daktari Aliyerudi

Mgeni rasmi, Daktari Tak Yeong-hwan, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliyekubali kukalia kiti cha pili bila kununa, Mwenyekiti wa kijiji, nesi wetu, mama mzazi wa mgeni rasmi, ambaye leo tunamwona kwa macho baada ya kumsikia kwa simu, akina mama wenzetu wa vijiji jirani, mabibi na mabwana.

Kabla ya lolote, tunaomba ushike vizuri karatasi tuliyokukabidhi pale mlangoni. Hiyo ndiyo risala yetu, na hatukubakiza nakala nyingine. Mwenzetu Bang Sun-deok, aliyesimama mbele yako, hana kitu mkononi. Hatukusahau kumpa. Tulimpa akaturudishia. Tulimwambia, "Shoga, utakwama katikati na watu wote wanakutazama." Akatujibu, "Nikikwama, nitakuwa nimekwama mimi, siyo nyinyi." Kwa hiyo tunakuomba ufuatilie kwa kidole, mstari kwa mstari, na akiruka neno umkatize palepale. Humu karatasini yumo yeye mwenyewe, na atajitaja kwa jina kama anayemtaja jirani, maana risala ni ya wote na ndivyo tulivyokubaliana. Kwa nini amechagua hivi, wewe unajua kuliko wageni wengine, lakini tutalieleza ili na wao wajue.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Neulpo. Karibu kwenye upepo, na karibu kwenye harufu ya tope ambayo wageni huikunjia pua na sisi tukiikosa tunaumwa. Tunakupongeza kwa kuja na viatu vya mpira. Vile vya ngozi ulivyovaa mara ya kwanza, kimoja kingali huko topeni, na mwenzetu Mal-rye anaapa kwamba kombe wamezaliana ndani yake. Ukitaka kukichukua, maji yanakupwa mchana huu, na ubao wa kutelezea topeni tutakuazima.

Tumefurahi leo kuliko siku ya arusi zetu. Wengi wetu siku ya arusi tulilia.

HISTORIA YETU

Ushirika wetu ni wa wanawake wanaovuna kombe, wale wa baharini wenye magamba mawili, katika ghuba hii. Bahari ikipwa huacha tope jeusi linalommeza mtu hadi kiunoni, kwa hiyo hatutembei juu yake, tunateleza. Goti la kushoto linakaa juu ya ubao, mguu wa kulia unasukuma kwa nyuma, kifua kinainama, na mkono unapapasa. Mama wakwe zetu walitufundisha hivyo kwa kutusukuma na kutucheka. Siku za bamvua, maji yanapokimbilia mbali, tunaingia ndani kabisa. Siku za maji mafu, yasiyokupwa mbali, tunakaa nyumbani, tunatia kabichi chumvi na kugombana.

Tope linaonekana laini, lakini lina meno. Kuna magamba ya chaza, kuna vipande vya chupa, kuna vyungu vya kutegea pweza vilivyovunjika kabla hatujazaliwa. Na hata usipochanika, goti la ubao lina hesabu yake, na kila mmoja wetu huilipa anapofika uzeeni.

Kwa sababu hiyo, tuliomba wilaya itujengee chumba cha huduma ya kwanza hapa ufukweni, pamoja na nesi. Wilaya ilisema, kwa haki kabisa, kwamba kwanza ipimwe kama kweli tunaumia kiasi tunachosema. Ndipo ukaletwa wewe na vijana wako kutoka chuo kikuu.

YALIYOTUPATA

Mlituuliza maswali mazuri kwa adabu. Uliumia? Lini? Sehemu gani ya mwili? Tukajibu. Kisha mkaenda hospitali ya mjini, mkachukua kumbukumbu za matibabu yetu kwa ruhusa yetu wenyewe, mkaziweka kando ya maneno yetu mkalinganisha. Majibu yalipotoka, yalisema kwamba zaidi ya nusu ya majeraha tuliyoyataja hayakuonekana hospitali, au yalionekana kwa tarehe nyingine kabisa. Bwana mmoja kutoka wilayani akaja kutusomea. Hakututukana. Alisema tu kwamba kauli za wahusika si za kutegemewa, na kwamba chumba kitasubiri.

Bwana huyo alimtaja mmoja wetu kama mfano, na hapo ndipo alipotuumiza. Bang Sun-deok alikanyaga kigae cha chungu kule ndani. Jeraha likaoza kwa siku chache, mguu ukavimba hadi kwenye nyonga, akalazwa, na madaktari wakazungumzia kuukata. Mguu ulipona. Yeye alikuwa amewaambia vijana wako kwamba alikanyaga kigae tarehe kumi na saba ya mwezi wa tisa. Hospitali ilimpokea mwisho wa Oktoba.

"Bibi," yule bwana alimwambia mbele yetu sote, "jeraha la Septemba haliwezi kusubiri hadi Oktoba iishe ndipo likulaze. Huenda ulijikata nyumbani baadaye. Si kosa lako. Umri huu vitu vinachanganyika."

Sun-deok alisema, "Siku ile maji yalikuwa ya bamvua. Tulikuwa kule ndani kabisa."

Yule bwana akatabasamu na kufunga begi lake.

Mkwe wake aliyeko mjini Gwangju alipopata habari alimpigia simu. Binti yule ana moyo mzuri na leo yupo hapa, hatumlaumu. Alimwambia, "Mama, twende tukapime kumbukumbu. Wanapima bure, ni maswali machache tu." Tangu siku hiyo Sun-deok alianza kujichunguza. Anatia kabichi chumvi, kisha anatoka nje kumuuliza Gong Mal-rye, jirani yake, "Nimeshatia?" Mal-rye anamjibu, "Umeshatia, na ukitia tena nitakula kwangu." Anacheka, lakini usiku anarudi kuonja. Alihisi kila siku kwamba akili yake inamtoroka, na akawa anaisubiri iondoke, anakaa mlangoni anaisubiri. Akaacha kuingia topeni, kwa hofu kwamba atasahau saa ya maji kurudi. Ubao wake aliuweka juu ya mawe mawili uani, akawa anaanikia pilipili.

Mgeni rasmi, mguu ulimuuma sana, lakini huo haukumtoa topeni. Kilichomtoa ni kuambiwa kwamba hakumbuki.

SIKU ULIYORUDI

Wanaokuja kutuhoji ni wengi. Wanaorudi kutuambia walichokiona ni wewe peke yako. Ulikuja mwezi wa Januari, theluji imeshika, tukakukalisha kwenye ukumbi wa wazee mahali ambapo sakafu, inayopashwa moto kwa chini, ina joto zaidi, tukakuwekea kombe za kuchemsha. Ulikuwa na aibu. Ulisema, "Akina mama, sisemi kwamba mnadanganya. Nasema kumbukumbu ya binadamu, yoyote ile..."

"Sema tu tumezeeka, mwanangu," Mal-rye akakukatiza. "Kula, zinapoa."

Sun-deok alikuwa amekaa karibu na mlango. Hakula.

Hapo simu yako ikalia. Na kwa kuwa mama yako hasikii vizuri, na wewe umezoea kumweka kwa sauti kubwa, tulisikia wote. Mama, utuwie radhi, hatukukusudia.

"Yeong-hwan! Umekula?"

"Nakula, mama. Niko kazini, nitakupigia."

"Keshokutwa ni kumbukumbu ya baba yako. Samaki wa kumtengea umenunua?"

"Mama, kumbukumbu ya baba ilishapita. Si nilikupigia mwezi uliopita nikakuomba radhi kwamba niko mkutanoni?"

"Nilidhani unaota! Baba yako alifariki mwezi wa kumi na mbili. Ndio huu!"

"Mama, huu ni Januari."

"Januari ya nani? Wewe mtoto, umesoma mpaka macho yakaharibika, na kalenda huwezi? Namba kubwa ni za watu wa mishahara. Soma zile ndogo za chini! Baba yako atakuja mezani akute sahani tupu, kwa sababu ya mwanawe daktari!"

Tulicheka mpaka Mal-rye akapaliwa. Wewe hukucheka. Ulikuwa unatazama kalenda ya ukutani, ile ya benki, yenye namba kubwa za kalenda ya serikali na chini yake, ndogo kama mbegu za ufuta, tarehe za mwezi mwandamo ambazo bahari inazifuata na sisi tunaifuata bahari. Kisha ukageuka kuelekea mlangoni.

"Mama Sun-deok," ukasema, na sauti yako haikuwa ya profesa. "Ulituambia tarehe kumi na saba mwezi wa tisa."

"Nilisema. Na nyinyi mkaandika."

"Kwa namba kubwa, au kwa zile ndogo?"

Sun-deok alikutazama kama mtu aliyeulizwa kama anakula kwa mdomo. "Mwanangu," akasema, "hizo namba kubwa zinaweza kupandisha maji?"

Kalenda ya mwaka uliopita ilikuwa imetandikwa mezani chini ya vyakula, kama tunavyofanya kila nyumba. Ulisogeza sahani ya kombe, ukasogeza ya figili, ukapiga magoti na miwani yako ikaingia mvuke wa supu. Ulifuata kwa kidole. Chini ya moja ya namba kubwa za mwisho wa Oktoba, siku chache kabla ya hospitali kumpokea, pale palipokuwa na doa la mchuzi, paliandikwa kwa udogo: tisa, kumi na saba.

Ulikaa chini palepale. Ukasema, "Mama, nimekukosea. Jibu lako lilikuwa sawa. Swali langu ndilo bovu."

Sun-deok alikujibu kwa neno moja ambalo hatutalirudia mbele ya Mkuu wa Wilaya. Kisha akacheka. Kisha akalia, na sisi tukalia naye, na Mal-rye akaenda kukuletea pombe ya mchele kwa sababu na wewe ulionekana unaihitaji.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mtu mwingine angesahihisha jina moja na kuendelea na safari zake. Wewe ulirudia kazi yote. Ulichukua tarehe zetu zote ukazihamisha kutoka namba ndogo kwenda kubwa, ukazilinganisha upya na hospitali, na ukachukua na majedwali ya maji ya ghuba yetu. Ukakuta kwamba ile Septemba ya namba kubwa, tarehe kumi na saba, yalikuwa maji mafu, na hakuna mwanamke mwenye akili ambaye angekuwa topeni. Ulipomaliza, karibu majeraha yote ambayo hospitali iliyajua, na sisi tuliyataja, yalikutana.

Ukaja tena kuuliza kuhusu yale ambayo hospitali haikuyajua. Tukakuonyesha makovu. Tulivua soksi, tukapandisha suruali, wengine tukafungua mikono ya blauzi, na ukumbi ukawa kama bafu la umma. Ukaelewa kwamba hospitali inamjua aliyefika hospitali tu. Aliyejifunga kitambaa akaendelea kuvuna, karatasi za mjini hazimjui, ingawa damu yake ilimwagika vilevile.

Na hatudai kwamba kauli zetu zote ni dhahabu. Wapo wawili kati yetu waliotia chumvi. Majina hatutaji, wenyewe wanajijua, na muda huu wanatazama viatu vyao. Mwingine alisema aliteguka bega la kulia kumbe ni la kushoto. Daktari wa hospitali naye alikuwa ameandika la kulia, kwa hiyo wawili hao walilingana vizuri kabisa, wote wakiwa wamekosea. Wewe mwenyewe ulicheka, ukasema hilo utawafundishia wanafunzi.

Kisha kuna Gong Mal-rye. Huyu mliwahi kumuuliza, "Uliumia?" akajibu, "Mimi? Hata mara moja." Hospitali ikawa na majeraha yake tele. Mlidhani amesahau. Hakusahau hata kidogo. Huku kwetu, kuumia ni kukosa bamvua. Ukishonwa asubuhi na mchana ukaingia topeni, hukuumia, ulichelewa. Ulipobadilisha swali, ukauliza kama mtu alichanika, alivimba, alitoka damu, Mal-rye alianza kuhesabu kwa vidole, akamaliza vya mikono akaomba vya jirani. Sasa ndiye anayeongoza kijiji kwa majeraha, na hatuna raha naye. Anatusalimia kwa kutukumbusha.

Ripoti mpya ilipofika wilayani, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya hakuizungusha. Alikuja mwenyewe, akasikiliza, akatoa amri ya kujenga. Ndicho hiki chumba unachokizindua leo, chenye kabati la dawa, maji ya bomba na mlango usiofungwa siku za bamvua. Ratiba ya nesi wetu imechapwa kwa namba ndogo zikiwa kubwa, na kubwa zikiwa ndogo. Hilo tulilidai, na tulipewa. Tunajivuna, mgeni rasmi, na hatuoni sababu ya kuficha.

Kuhusu Bang Sun-deok: bamvua ya kwanza baada ya siku ile, alizoa pilipili zake uani, akaufuta ubao, akaubeba begani. Anasema machozi yalikuwa ya pilipili. Alirudi na kombe nyingi kuliko sisi sote, akatusubiri ufukweni huku anatuuliza kama tumezeeka.

CHANGAMOTO

Raha haijatufanya tuwe vipofu. Mlango wa chumba unatazama kaskazini, na upepo ukivuma dawa zinaingia mchanga kabla hazijaingia mwilini. Kitanda cha kutibia kimeinuka mno. Mtu mwenye goti bovu anakipandaje? Juzi, tulipokuwa tukikijaribu, Mal-rye alipandishwa na watu watatu, akateremka mwenyewe akisema goti ni afadhali.

Tope lenyewe linabadilika. Kombe zinapungua, na kiangazi maji ni ya moto kuliko zamani. Mdogo wetu kuliko wote ameshaozesha watoto wake, na nyuma yake hakuna anayejifunza ubao. Hatujui ni nani atakayeumia hapa miaka ishirini ijayo, na kwa kweli tungefurahi kama angekuwapo.

MAOMBI

Tunaomba mlango ugeuzwe, au upatikane ukuta mdogo wa kukinga upepo. Tunaomba kitanda kikatwe miguu. Fundi tunaye, msumeno tunao, tunachongoja ni ruhusa tu, na tukikawia kupewa huenda ukasikia kwamba kimejikata chenyewe.

Tunaomba, na hili ni la moyoni, akina mama wa vijiji jirani waliopo hapa waulizwe upya. Nao waliambiwa kwamba kauli zao hazitegemewi. Nao wana wenzao waliokaa uani wanasubiri akili ziwatoroke. Wapo ambao hawakusubiri kuambiwa mara ya pili, waliacha tope moja kwa moja, na mbao zao zimepasuka kwa jua. Nenda kwao, mgeni rasmi. Nenda na kalenda.

Na tunaomba urudi kila mwaka, hata bila utafiti. Uje na mama yako. Tumeshamtengea mahali penye moto.

SHUKRANI NA DUA

Tunakushukuru kwa kurudi. Ungeweza kubaki na ripoti yako ya kwanza, nayo ingeheshimiwa, na sisi tungezikwa tukiwa waongo. Tunamshukuru mama yako kwa sauti yake. Tunamshukuru marehemu baba yako, ambaye tumesikia kwamba mwaka ule alipata samaki wake kwa wakati.

Bahari ikuone na ikupishe. Magoti yako yakufikishe unakokwenda na yakurudishe kwa mama yako. Wanafunzi wako wakuulize maswali magumu, na kila unayemuuliza akujibu bila woga. Maji yakipwa uwe na ubao, yakijaa uwe na nyumba yenye sakafu ya moto.

Ni sisi,
Ushirika wa Wavuna Kombe wa Tope la Neulpo.

MANENO YALIYOSEMWA BAADA YA KARATASI KWISHA
(yameongezwa na katibu wa ushirika)

Karatasi yako imeishia hapo, daktari. Geuza nyuma, ni nyeupe. Sasa nazungumza mimi, Sun-deok.

Nimeruka neno? Unatikisa kichwa. Hata moja? Lisome tena lile la kitanda, pale nina wasiwasi nilisema "chumba". Sikusema? Haya. Mkwe wangu, umesikia? Simama wakuone. Usilie, mwanangu, uliniuliza kwa sababu unanipenda, nami nilikuwa naogopa kuliko wewe. Miezi ile nilikuwa nikiamka natafuta jina langu kwanza, nikilipata ndipo nafungua macho. Leo asubuhi niliamka nikatafuta kombe.

Mheshimiwa, makofi subiri kidogo, sijamaliza.

Daktari, una kalamu? Itoe. Nina jambo ambalo halimo kwenye karatasi uliyoshika, na hospitali hawalijui, na hata Mal-rye sijamwambia. Nimesimama hapa muda wote huu kwa mguu mmoja. Goti la kushoto, la ubao, linaniuma. Limeanza leo asubuhi wakati natoka topeni, limevimba upande wa ndani. Tarehe ya leo unaijua, na safari hii hutaniuliza ni ya namba zipi.

Hilo ndilo jeraha la kwanza la chumba hiki. Andika, mwanangu, kama ninavyosema.